Jibu: Misuli inapataje sukari ghafla?

Mdogo wangu, umeuliza misuli inapataje sukari haraka hivyo ukipanda mwamba wa Gangilonga kule Iringa mbiombio, wakati vimeng'enya (protini zinazoharakisha kemia ya mwili) ni vilevile. Kazi hiyo hufanywa na fosfeti, kikundi kidogo chenye fosforasi kinachopachikwa kwenye protini. Adrenalini ikipanda huamsha mfululizo wa kainezi, yaani vimeng'enya vinavyopachika fosfeti. Ya mwisho huchukua fosfeti kutoka ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye kimeng'enya kiitwacho fosforilezi, pale kwenye serini ya 14 (asidi amino ya 14 katika mnyororo wake). Umbo linabadilika, kimeng'enya kinaanza kukata glikojeni, akiba ya sukari iliyo ndani ya misuli, na hapo ndipo sukari inapopatikana. Na hapa ndipo panaponifurahisha sana: ishara hiyohiyo hupachika fosfeti kwenye kimeng'enya kinachojenga glikojeni, ila hicho kinazimika! Kwa hiyo kwenye mtihani usiandike tu kwamba fosfeti huwasha. Taja ni protini ipi. Ukipumzika, vimeng'enya viitwavyo fosfatezi huondoa fosfeti hizo. Wanasayansi Edmond Fischer na Edwin Krebs walipata Nobel ya tiba ya 1992 kwa ugunduzi wa kuwasha na kuzima protini kwa fosfeti.