Maswali na majibu: masweta, pumba na kona ya grafu

Barua nyingi za safari hii zinahusu linia programingi, ile mada ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa kuchora grafu. Mbili kati yake hazikutoka darasani kabisa, na zimenifurahisha mno. Naanza na mojawapo.

Mwalimu, habari za Moshi? Nafuma masweta ya shule kwa mashine hapa Ngarenaro, Arusha. Sweta kubwa linanipa faida ya shilingi 6,000, dogo 4,000, kwa hiyo nafuma makubwa tu. Binti yangu wa kidato cha nne anasema napoteza hela. Kwa wiki nina uzi kilo 6 na saa 40 za kukaa kwenye mashine. Kubwa linakula uzi gramu 400, dogo gramu 200. Muda ni saa mbili kwa kila moja, maana madogo yana mistari ya rangi.

Nzuri, dada yangu. Binti yuko sahihi.

Kabla ya kushika rula, andikeni herufi zinasimama badala ya nini: x ni idadi ya masweta makubwa kwa wiki, y ni idadi ya madogo. Wanafunzi wangu wengi huandika "x ni makubwa" wakaishia hapo. Makubwa nini? Idadi, kilo au shilingi? Hapo ndipo hesabu inapoharibika, mapema kabisa kabla ya grafu.

Uzi unasema 400x + 200y ≤ 6,000. Gawa kote kwa 200, unabaki na 2x + y ≤ 30. Muda unasema 2x + 2y ≤ 40, yaani x + y ≤ 20. Na kwa kuwa hakuna sweta hasi, x ≥ 0 na y ≥ 0.

Mstari wa uzi unapita (15, 0) na (0, 30). Wa muda unapita (20, 0) na (0, 20). Inakatana kwenye (10, 10). Eneo linalotimiza masharti yote lina kona nne, na moja ni ile ya kukaa bure, (0, 0). Nyingine tatu tuzipime kwa 6,000x + 4,000y:

(15, 0): shilingi 90,000
(10, 10): shilingi 100,000
(0, 20): shilingi 80,000

Wewe uko kwenye (15, 0). Uzi unakuishia ukiwa umetumia saa 30, halafu saa 10 mashine imelala. Ukipima kwa uzi, dogo linalipa zaidi: gramu 400 zinatoa madogo mawili, faida 8,000, wakati kubwa moja linakupa 6,000. Ukipima kwa muda, kubwa ndilo linalolipa. Vitu viwili vinavutana, ndiyo maana jibu likawa mchanganyiko.

Hesabu hii inasimama kama yote yatanunuliwa. Ikiwa wateja wa madogo wanachukua sita tu kwa wiki, ongezeni y ≤ 6. Kona bora inahamia (12, 6), faida 96,000. Bado inazidi ya sasa.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha nne, Njoro. Tunaambiwa "pima kona" lakini hatuambiwi kwa nini. Kwani katikati ya eneo hakuna jibu?

Marahaba, mwanangu. Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu unaweza kujijibu kwa mkono wako.

Chora grafu ya yule mama wa masweta. Sasa chora mstari wa faida ya 60,000, yaani 6,000x + 4,000y = 60,000. Unapita (10, 0) na (0, 15). Lalisha rula juu yake, kisha isogeze taratibu kuelekea juu kulia bila kuipindisha. Kila inaposogea, faida inapanda, na nukta zote zilizo kwenye ukingo wa rula zina faida sawa. Ukiwa katikati ya eneo, bado kuna nafasi ya kusogea. Endelea mpaka rula ikaribie kutoka nje kabisa. Nukta ya mwisho itakayoguswa ni (10, 10). Eneo lenye kingo zilizonyooka huachwa na rula kwenye kona.

Au kwenye ukingo mzima. Faida ya dogo ikishuka hadi 3,000, mstari wa faida unakuwa sambamba na mstari wa uzi, na (15, 0) na (10, 10) zote zinatoa 90,000, pamoja na kila nukta iliyo kati yake kwenye mstari huo. Ukikutana na hali hiyo kwenye mtihani usidhani umekosea.

Mimi huwa natia kivuli upande usiotakiwa. Nifanyeje? (Sakina, Arusha)

Jaribu nukta (0, 0). Ikikubali sharti, upande wake ndio unaotakiwa. Mimi hutia kivuli upande mbovu ili ulio mzuri ubaki mweupe, na naandika kando kwamba eneo jeupe ndilo jibu. Kama mstari wenyewe unapita (0, 0), chukua nukta nyingine, mfano (1, 0).

Kosa jingine nililoliona kwenye karatasi yako: "madogo yawe angalau mara mbili ya makubwa" umeandika 2y ≥ x. Weka namba. Makubwa yakiwa 3, madogo 6 yanaruhusiwa, 5 hayaruhusiwi. Sentensi yako inakubali 5. Iliyo sahihi ni y ≥ 2x.

Nina ng'ombe wa kufuga ndani, Machame. Nilichora grafu ya pumba na mashudu, eneo likawa halina mwisho juu kulia. Nimekosea wapi?

Hujakosea, kaka. Unatafuta gharama ndogo, na masharti yako yote ni ya "isipungue", kwa hiyo eneo linafunguka kwenda juu.

Kwa namba ulizoandika, kilo ya pumba ina protini gramu 100 na bei 600, kilo ya mashudu gramu 250 na bei 1,000. Unataka protini isipungue gramu 1,000, na jumla isipungue kilo 7 kwa siku. Kwa x kilo za pumba na y za mashudu: 2x + 5y ≥ 20, na x + y ≥ 7. Pumba tupu ni (10, 0), shilingi 6,000. Mashudu matupu ni (0, 7), shilingi 7,000. Mistari inapokatana, (5, 2), ni shilingi 5,000. Viwango vyenyewe vya protini mwonyeshe afisa mifugo wako kabla ya kubadili chakula. Grafu inaamini chochote unachoiandikia.

Viwandani nako wanachora grafu?

Bidhaa zikizidi mbili au tatu, karatasi haitoshi. Leonid Kantorovich wa Urusi alianza na matatizo ya kiwanda cha plaiwudi, akachapisha kazi yake 1939. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akabuni njia ya simpleksi, inayotembea kutoka kona hadi kona kwa hesabu tupu. Kompyuta hufanya hivyo hata kwa maelfu ya masharti. Mwaka 1975 Kantorovich alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Kona yangu imetoka na desimali. Nikadirie tu?

Usikadirie kwa mazoea. Tuseme mama wa masweta ana saa 41. Mistari inakatana kwenye (9.5, 11), faida 101,000, lakini hakuna nusu sweta. Ukipandisha hadi (10, 11), uzi hautoshi na muda hautoshi. Ukishusha hadi (9, 11), unapata 98,000. Angalia nukta za namba kamili zilizo jirani, ndani ya eneo: (10, 10) imo, nayo inatoa 100,000.