Kushusha chumvi tangi la karantini ukiwa Kigoma: maji ya ziwa yanabadilisha hesabu

Mkuu, umeuliza namna ya kushusha chumvi kwenye tangi la karantini la lita 80, samaki wako wa baharini aina ya kangaja wana vidoa vyeupe, na maji uliyonayo ni ya bomba hapa Kigoma mjini. Maelezo mengi utakayokutana nayo yameandikwa na watu wanaotumia maji yaliyochujwa hadi hayana madini. Maji yako wewe yanatoka Ziwa Tanganyika, kwa hiyo ukifuata maelezo hayo yalivyo utaharibu.

Kwanza hakikisha ugonjwa. Njia hii ni ya kimelea Cryptocaryon irritans, yule wa vidoa vyeupe vinavyohesabika, samaki anajikwaruza na kuhema haraka. Ukiona vumbi laini lenye rangi ya dhahabu na samaki wanakufa ndani ya siku chache, hiyo ni Amyloodinium, kimelea kingine, na maji ya chumvi kidogo haiyajali kabisa. Ute mwingi unaobanduka nao ni kitu kingine. Hapo usipoteze muda na chumvi, tafuta dawa.

Unalenga chumvi ya 12 kwa elfu, yaani uzito wa 1.009 ukilinganisha na maji safi, kwenye refraktomita (kifaa kinachopima chumvi kwa kupitisha mwanga), kutoka 35 ya bahari. Damu ya samaki iko karibu na hapo, kwa hiyo yeye anapumzika. Kimelea kilichodondoka chini na kujifungia kwenye gamba ndicho kinachofurika maji na kupasuka. Ukiishia 1.012 kwa kuogopa, umewatesa samaki bure. Kwa hiyo kipimo kiwe cha kuaminika. Haidromita ya plastiki yenye mshale iache. Refraktomita yenyewe usiisawazishe kwa maji matupu peke yake: pima gramu 3.65 za chumvi laini kavu ya mezani, changanya na gramu 96.35 za maji safi, halafu irekebishe isome 35. Hiyo ndiyo kazi pekee ya chumvi ya jikoni hapa. Chumvi ya Uvinza ni nzuri kwa dagaa, lakini haina magnesi, kalsi na potasi kwa uwiano wa bahari, kwa hiyo usije ukaitumia kupandishia.

Sasa kushusha. Toa lita 15, rudisha lita 15 za maji yasiyo na chumvi. Kila mara unabakiza asilimia 81 hivi ya chumvi iliyokuwemo: 35 inakuwa 28.4, kisha 23.1, 18.8, 15.3, mwisho 12.4. Fanya mara tatu siku ya kwanza, mbili siku ya pili, kisha toa lita mbili na nusu hivi umalizie. Samaki anavumilia kushushwa kwa saa 48 bila shida. Maji mapya yawe na joto lilelile la tangi na klorini iwe imetolewa. Usipime mara tu unapomwaga, subiri pampu ya hewa ichanganye.

Shida yetu sasa ndiyo hii. Wanaotumia maji yaliyochujwa madini wanaambiwa pH itaporomoka, waongeze bekingi soda. Maji ya ziwa letu yana pH ya karibu 9 na KH (kipimo cha uwezo wa maji kuzuia pH isiporomoke) ya 16 hadi 18. Ukishusha kwa maji hayo peke yake, tangi linafika KH ya 14 hivi na pH haishuki ng'o, inaweza hata kupanda. Wakati huohuo bakteria wa chujio wanayumba kwa kubadilishiwa chumvi, na amonia inaanza kupanda. Kwenye pH 8 na joto la nyuzi 28, sehemu yenye sumu ya amonia hiyo ni asilimia 6 au 7. Kwenye 8.8 inakaribia 30. Amonia ileile iliyokuwa inavumilika inakuwa ya kuua, na mtu anabaki kulaumu chumvi.

Dawa yake ni kuchanganya nusu maji ya ziwa, nusu maji ya mvua au yaliyokenekwa. Ukipiga hesabu, tangi linatua kwenye KH ya 8 hivi, sawasawa na bahari, na bekingi soda huihitaji. Mvua kinga kwenye turubai safi, si kwenye bati la zinki, na maji ya mwanzo yaache yapite. Aliye na maji ya mvua matupu ndiye aweke bekingi soda, gramu 12 kwa lita 80 zipandishe KH kwa 5, kidogokidogo kwa siku mbili. Ni ile ya kwenye maandazi, si bekingi pauda wala magadi.

Ukishafika 1.009 kaa hapo wiki nne, na zianze kuhesabiwa siku kidoa cha mwisho kilipopotea. Vidoa kupotea mapema si kupona, kimelea kimeshuka chini tu. Bandika utepe kwenye usawa wa maji na ujazie kilichokauka kwa maji yasiyo na chumvi, asubuhi na jioni, la sivyo chumvi inapanda yenyewe. Pima amonia kila siku. Usichanganye na dawa ya shaba, kwenye chumvi kidogo inakuwa kali zaidi. Kamba, konokono, matumbawe, papa na taa wasiingie humo.

Kupandisha chumvi tena hadi 35 ndiko kunakowaponza watu wenye haraka: usizidi 2 kwa elfu kwa siku, yaani siku 11 au 12. Lita 7 za maji ya 35 zinatosha siku ya kwanza, lakini ukikaribia 30 hazisogezi kitu, hivyo koroga maji ya chumvi ya 45 kwa elfu, takriban gramu 49 za chumvi ya akwariamu kwa lita. Koroga kwenye maji ya mvua au yaliyokenekwa. Ukitumia ya ziwa tupu, KH inazidi, kalsi inaganda na maji yanatoka ukungu mweupe.

Maji unayotoa yana vimelea na chumvi. Mwaga chooni, si kwenye bustani wala mfereji unaoelekea ziwani. Na tangi kubwa walikotoka samaki libaki bila samaki, siku 76 ndizo za uhakika.