Rasimu imerudi na alama nyekundu: usiogope

Dada wa Ujiji, unasema kijitabu chako cha historia ya ukoo kimerudi kutoka kwa mhariri wa Tabora kikiwa kimejaa mikia na vidoti vyekundu, nawe unadhani amekikataa. Hajakikataa. Huyo amekisoma neno kwa neno, mshukuru.

Alama ya ^ maana yake hapo pameachwa kitu. Angalia pembezoni utakikuta. Mkia uliojikunja ni "ondoa". Mistari mitatu chini ya herufi, iwe kubwa: "malagarasi" iwe "Malagarasi". Mstari uliopinda kama S kati ya maneno mawili, yabadilishane nafasi.

Vidoti chini ya neno lililokatwa ndivyo vinavyopoteza wengi. Pembeni utaona "stet", Kilatini hicho, yaani "libaki". Alikata, kisha akajirudi. Mimi kwa kutojua hilo niliwahi kufuta jina la shangazi wa bwana harusi kwenye risala. Mpaka leo ananisalimia kwa shingo upande.

Fanya masahihisho ukianzia ukurasa wa kwanza, na kila alama ukishaitekeleza iweke tiki ya penseli. Usiyoielewa usiikisie, mpigie simu, maana kila mhariri ana mkono wake.

Ila majina ya Kiha yakague mwenyewe. Yeye si Muha, anaweza kukata jina la babu akidhani ni kosa la chapa. Akifanya hivyo, weka vidoti chini yake, uandike "stet", umrudishie.