Mkuu, usimpigie huyo muuzaji

Narudia: usimpigie. Nimesoma swali lako nikaona kama ninajisoma mwenyewe miaka sita iliyopita. Presi ya kwanza maishani, yaani mashine ya kujazia risasi, ya mtumba, vituo vinne, "sahani inakwama kidogo kwenye kugeuka lakini inapiga kazi", na unataka ikujazie risasi za bastola halafu baadaye iwe mwanzo wa mkusanyiko wako wa presi za zamani. Ukiinunua ukaiweka kabatini uitazame, sawa. Ukianza nayo kujaza, tutakutana hapa hapa ukiuliza mtutu mpya unapatikana wapi.

Mimi wangu nilishanunua. Ule wa zamani uko hapa mezani, nauwekea karatasi zisipeperuke. Ukiupitisha kidole unakutana na uvimbe kama pete, katikati kabisa. Wageni huuliza kama ndivyo ulivyotengenezwa. Nawaambia ndiyo, toleo maalumu.

Ilikuwa hivi. Presi yangu ilikuwa ya vituo vinne kama hiyo yako. Kwa wasiozijua: presi ya kituo kimoja inafanya kazi moja kwa ganda moja. Unabana maganda yote, ukimaliza unabadilisha dai (kile kichuma kinachofungwa juu ya presi kulifanyia ganda kazi yake), unakwenda hatua inayofuata. Hii ya vituo vingi, maganda yanakaa kwenye sahani inayogeuka toka kituo hadi kituo, na kila ukivuta mpini mambo manne yanatokea kwa maganda manne kwa wakati mmoja: hapa linabanwa na kuwekwa fataki (kidude cha kuwashia baruti), pale linamiminiwa baruti, kule kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, kinakaa, mwisho linakazwa mdomo. Utamu mtupu. Shida ni kwamba una macho mawili tu.

Aliyeniuzia aliniambia inatoa risasi 400 kwa saa. Na kulikuwa na bwana mmoja wa kwenye video, sauti nzito, meza safi kama ya daktari, akisema presi ya kituo kimoja ni ya wazee na ukianza nayo utakuwa umetupa hela. Nilimwamini huyo mtu kuliko nilivyomwamini marehemu babu. Leo nikisikia sauti yake nazima simu. Hakusema hata mara moja kitu gani kinatokea presi inapokwama, na presi ya vituo vingi itakwama tu, hasa mikononi mwa anayejifunza.

Yangu ilikwama jioni moja nikiwa nimeshajaza ndoo karibu ijae. Fataki ilikaa kichwa chini. Nikatoa ganda, nikalitupa pembeni, nikarudisha sahani nyuma kwa mkono, nikachomoa lingine kuangalia, nikalirudisha. Hapo simu ikaita. Nikaongea dakika mbili, nikarudi, nikaendelea kuvuta mpini. Ganda moja lilikuwa limeruka kituo cha baruti, mimi sina habari. Likapata kichwa, likakazwa mdomo, likadondoka ndooni likiwa zuri kama wenzake.

Wiki ile ile niko uwanjani. Nafyatua, nasikia "pap", kama mtu kafungua chupa. Bastola haikujikoki. Sasa hapa, mkuu, mtu mwenye akili anaweka silaha chini, anaitoa risasi, anachungulia mtutu. Mimi nikavuta slaidi kwa mkono, ganda tupu likatoka, nyingine ikaingia, nikafyatua. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi kwenye mtutu lakini haina nguvu ya kukitoa nje. Kwa hiyo cha pili kikamkuta mwenzake amelala njiani. Niliusikia mshindo hadi kwenye meno. Vidole vyangu vyote kumi ninavyo, nimevihesabu mara nyingi. Miwani nilikuwa nimevaa, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya siku ile.

Unadhani gharama ni mtutu? Gharama ilikuwa ile ndoo. Risasi 640, na sikujua ni ngapi tupu na, kibaya zaidi, ni ngapi zimemiminiwa baruti mara mbili. Nikasema nitazipima nzima nzima kwenye mizani, nyepesi ndiyo tupu. Haikusaidia kitu. Greni moja ni kama miligramu 65, baruti yote ya risasi ya 9 mm ni greni chache tu, na maganda yaliyochanganyika ya viwanda tofauti yanapishana uzito karibu kiasi hicho hicho. Vichwa navyo vinapishana. Mizani ikawa inanidanganya kwa upole.

Basi nikanunua nyundo ya kung'olea, ile ya plastiki inayobana risasi kwa ndani. Unagonga kwenye gogo, tok, tok, tok, kichwa kinatoka, baruti inamwagika ndani ya nyundo. Unafungua, unamimina, unabana nyingine. Mara 640. Wiki tatu kila jioni, hadi mtoto wangu akajifunza kuigiza ule mlio. Tupu nilikuta moja zaidi. Zenye baruti mara mbili, mbili. Nilikaa chini nikazitazama zile mbili muda mrefu. Kwa hiyo ile 400 kwa saa, ukijumlisha na nyundo, ilinipa risasi sifuri kwa wiki tatu.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema hadi mnifungie akaunti: presi ya kwanza iwe ya kituo kimoja, na hakuna kichwa kinachowekwa kabla hujamulika baruti kwa tochi. Unapanga maganda hamsini kwenye kibao cha matundu, unayamiminia yote, halafu unapitisha tochi juu yake mstari kwa mstari. Lililo tupu linaonekana kama shimo. Lililozidi linaonekana, hasa ukichagua, kati ya zile zilizomo kwenye kitabu cha vipimo, baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, maana ukiimimina mara mbili inamwagika mezani na kukuaibisha mapema. Simu ikiita, iite. Ukilazimika kuondoka, maganda yote yaliyo kwenye kibao yamwage, uanze upya.

Usinielewe vibaya, sizichukii za vituo vingi. Ninayo moja sasa hivi. Ila niliinunua baada ya mwaka mzima wa kituo kimoja, na nimefunga kioo na taa juu ya kituo cha kichwa ili nione ndani ya kila ganda. Na si zote zinajigeuza: Dillon RL 550, kwa mfano, sahani unaizungusha mwenyewe kwa mkono. Ukisahau kuizungusha, ganda lile lile linapata baruti tena. Hiyo yako "inayokwama kidogo" ina ubaya wa pande zote mbili, hujui lini imegeuka na lini haijageuka.

Kuhusu kukusanya, kwa kifupi. Nina presi saba na natumia mbili, mke wangu anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Nenda na dai yako mkononi. Nyuzi za kuifungia, kama za skrubu, zilizozoeleka ni za kipenyo cha inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi. Ikiingia hapo umepona. Zipo zisizofuata: Dillon Square Deal B ina dai zake peke yake, na presi za zamani za Herter's zilikuwa na vishikio vya ganda vya namna yake. Kwa kabati ni vizuri, kwa kazi utahangaika. Fremu yenye umbo la O haipanuki ukibana ganda gumu kama ile ya C. Pandisha juu mhimili, kile chuma kinachonyanyua ganda, uutikise. Mhimili ukicheza sana, umeshalika. Rangi mpya kwenye chuma kikuukuu iogope, huficha nyufa. (RCBS, lile jina la kampuni ya presi, kama hujui, ni kifupi cha jina la kifaa cha kubania vichwa vya risasi za kuwindia mnyama wa jamii ya kindi huko Marekani. Mwanzilishi wake, Fred Huntington, alianza nacho mwaka 1943. Halikuhusu swali lako ila napenda kulisema.)

Uliuliza pia mambo ya mizani na ya kuosha maganda, wadau wengine watakujibu. Na uliuliza kutu inatolewaje kwenye "kichuma cha kituo kimoja" ambacho muuzaji anakitupia kama nyongeza. Mafuta mepesi na pamba ya chuma, jioni moja tu. Mpigie, sawa, lakini muulize kama hicho kichuma anakiuza peke yake.