Fimbo ya mwalimu: maswali yenu

Shuleni kwa binti yangu walinipa fomu ya kukubali achapwe akikosa, nikasaini. Nimejifunga? (Mama, Bweyale)

Hujajifunga, mama. Sahihi yako haiwezi kumpa mwalimu ruhusa ambayo sheria imemnyima. Tangu Sheria ya Watoto ya Uganda irekebishwe mwaka 2016, kumchapa mtoto shuleni ni kosa la jinai: kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi shilingi 2,000,000, au vyote viwili. Wizara ya Elimu ilishakataza viboko kwa waraka wa 2006, ila waraka peke yake haukumtisha mtu. Iandikie shule kwamba umeifuta sahihi hiyo, nakala ubaki nayo. Akiwa ameshaumizwa, mpeleke kwanza kituo cha afya atibiwe na majeraha yaandikwe, kisha polisi, dawati la watoto na familia. Au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Watu wa shule wakija nyumbani na hela ya dawa ili mambo yaishe kimyakimya, nakuomba usizipokee.

Nina wanafunzi 90 darasani. Bila kiboko nitawatuliza vipi? (Mwalimu, Arua)

Mwalimu, 90 ni wengi mno, na kukulaumu tu bila kukusaidia ni kukuonea. Lakini mamlaka yako bado unayo. Unaweza kumwonya mtoto, kumhamisha kiti, kumbakiza amalize kazi, kumwita mzazi, kumpeleka kwa mwalimu mlezi. Aliyeshindikana, mfikishe kwa mwalimu mkuu. Andika kila hatua kwenye daftari, litakulinda siku mzazi akija juu. Ulichoondolewa ni kuumiza mwili wake. Mimi nilichapwa darasa la nne kwa kukosa hesabu za kugawanya, nikajifunza kuogopa hesabu tu. Kugawanya nilifundishwa na dada yangu, jikoni, kwa punje za maharagwe.

Kufyeka nyasi kama adhabu je? (Baba, Nakivale)

Kazi fupi inayolingana na umri wa mtoto si kipigo. Kumpigisha magoti kwenye changarawe juani ni kipigo, hata kama fimbo haikuguswa.

Mwanangu yuko S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, ana miaka 19. Shule inasema si mtoto tena, kwa hiyo anachapika. (Mama, Kampala)

Ni kweli, mtoto kisheria ni wa chini ya miaka 18. Lakini Katiba ya 1995, ibara ya 24, inamkinga kila mtu, mkubwa kwa mdogo, dhidi ya mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, na ibara ya 44 inakataza kinga hiyo kupunguzwa. Waonyeshe ibara hizo mbili.