Re: Mbwa anarukia kila mgeni getini
Mkuu, umesema dogi lako la miezi nane linarukia kila anayeingia getini na kulipiga kwa goti hakujasaidia. Haiwezi kusaidia, ukimsukuma au ukimfokea yeye anaona umemchangamkia, ndo alichokuwa anatafuta.

Wa kwangu hapa Bwiru, Mwanza, alikuwa hivyohivyo, alishampaka mama mkwe tope kwenye kitenge, aibu yake usiulize. Nilichofanya, akiruka namgeuzia mgongo, mikono nimekunja, simwangalii wala simsemeshi, ile miguu yote minne ikigusa chini tu hapohapo namdondoshea dagaa mmoja mkavu (wale wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, wasiwe na chumvi) na namsifia kwa sauti ya chini maana ukishangilia sana anaruka tena. Siku za mwanzo atazidisha kuruka, we usilegee. Wageni wakija mfunge kamba kwanza.

Ila shida kubwa ni watoto aisee, wewe unamgeuzia mgongo wao wanacheka na kumkumbatia akiwa juu, hapo unatwanga maji kwenye kinu. Mimi wangu niliwakabidhi kopo la dagaa wagawe wao, wakawa wakali kunizidi.