Wahmong si wageni wa misaada
Ndugu yangu, umesema Wahmong wa St. Paul, mji wa jimbo la Minnesota huko Marekani, ni Wachina waliofuata misaada. Hapana. Hao ni watu wa milima ya Laos. Miaka ya 1960 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliwapa bunduki wapigane vita vya siri dhidi ya wakomunisti, wengine wakiwa watoto kabisa. Wamarekani walipoondoka 1975, wakaachwa wawindwe. Wengi walivuka mto Mekong usiku, mtoto mgongoni, hadi kambi za Thailand. Halafu wafike Minnesota waambiwe warudi kwao! Wapo hata watu wanaochukia misiba ya Wahmong, maana mazishi huchukua siku kadhaa, ngoma na zumari la mianzi vikilia hadi usiku. Sisi tunaokesha matangani tunashindwaje kuwaelewa? Nenda soko lao la Hmongtown, ukae na wale kina mama wauza pilipili na mchaichai, uwasikilize.